Brescia Tuliiweka Mwisho

Mwezi uliopita tulimzika Kogo Rael nyumbani kwake, juu kidogo ya soko la Roret, kwenye kona ya shamba lake la majani chai. Nilikuwa nimekaa chini ya hema pamoja na wanakwaya wa zamani, wale tuliobaki, na mbele yetu kijana aliyepewa kazi ya kuongoza shughuli alikuwa akihangaika na mpangilio wa wasemaji. Mheshimiwa mmoja alikuwa na mkutano kwingine, na kijana akafikiri amemsaidia kwa kumwita aseme mapema. Wazee wakakataa katakata. Kwetu shughuli ina njia yake: wajukuu kwanza, halafu majirani, halafu kanisa, na mkubwa anangoja mpaka kila mtu amalize, hata kama ana haraka na viatu vyake vimejaa tope. Ukimpa mkubwa nafasi ya kwanza, umemwambia mbele ya watu kwamba ni mdogo. Mheshimiwa mwenyewe alilijua hilo, akarudi kwenye kiti chake na kuikunjia saa yake uso. Nikajikuta nacheka peke yangu, kisha machozi yakanitoka, na jirani yangu akanipa leso akidhani namlilia marehemu. Hakuwa amekosea sana. Nilikuwa nimekumbuka mwaka ule tulipopanga safari ya treni ya Italia, na jinsi desturi hii hii ilivyonikosesha usingizi kwa miezi.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nachuma majani na kungoja mambo ambayo hayakuonyesha dalili ya kuja. Kitu kimoja tu kilikuwa changu, nacho ni kwaya ya parokia. Aliyeianzisha ni Padre Bruno, Mwitaliano mrefu mwenye mikono ya seremala, aliyekaa kwetu hadi wazee wakampa jina la Kiprop kwa sababu siku aliyofika mvua ilikuwa ikinyesha. Ndiye aliyenifundisha kusoma noti nikiwa mtoto. Alinisimamisha kwenye ngazi za kanisa, kila ngazi ikawa sauti moja, nami nikawa napanda na kushuka nikiimba mpaka katekista analalamika kwamba hasikii anachokisoma. Kisha Padre akaugua moyo. Alituambia anaenda Nairobi kupimwa tu, akapanda gari na mkoba mdogo, na tuliposikia habari zake tena alikuwa kwao, katika nyumba ya mapadre wazee kwenye mji unaoitwa Brescia. Kwa hiyo hakuna aliyemuaga. Hilo lilinikaa kooni. Mtu aliyekuzikia wazazi wako na kukubatizia watoto haendi hivi hivi kama karani aliyehamishwa.

Mwishoni mwa mwaka uliofuata marafiki zake wa huko, watu wa parokia mbalimbali waliokuwa wakimsaidia kujenga matangi na zahanati, walituita tuwaimbie. Tungeenda baada ya Pasaka, wakati ambapo kwao maua yanachipua na kwetu mvua ya masika inashuka na majani chai yanamshinda mchumaji. Nauli ilikuwa juu yao. Tungetua Milano, twende Torino, kisha tufuate reli kutoka mji hadi mji hadi Venezia. Watu kumi na wawili walichaguliwa, wengi wao akina mama, nami nikawa mmoja kwa sababu nilikuwa napiga ngoma na kushika sauti ya kwanza bila kuyumba. Nilipoambiwa nilikimbia mpaka nyumbani bila kusimama, kisha nikaingia kwenye banda la ng'ombe na kulia huko. Nilikuwa naenda kumwona Padre. Treni, Venezia, bahari, hayo yote yalikuwa ya watu wengine.

Mipango ilifanyika sebuleni kwa Mwalimu Nyakundi, kiongozi wa kwaya, katika nyumba za walimu. Naiona sebule hiyo hadi leo: makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya mbolea, kinanda kilichofunikwa shuka kwa ajili ya vumbi, na harufu ya ndizi za kuchemsha ambazo mkewe alizileta kwenye sinia pamoja na chai ya maziwa. Mwalimu alikuwa mtoto wa wafanyakazi wa chai waliotoka upande wa Kisii. Alizaliwa kambini, si mbali na hapa, alizungumza Kikipsigis, lugha yetu, vizuri kuliko baadhi yetu, na bado watu walipokasirika walikumbuka kwamba yeye si wa hapa. Alikwenda Kericho kwenye saiba, duka la intaneti, akarudi na saa za treni, akanipa karatasi kubwa ya manila na kalamu ya wino mzito. Mimi ndiye niliyekuwa na Jiografia nzuri, akasema, basi nichore njia. Nikaibandika karatasi ukutani, nikachora mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, na miji juu yake: Torino, Milano, Brescia, Verona, Padova, Venezia. Wanakwaya waliitazama ramani hiyo kwa woga kidogo. Hapakuwa na mtu kati yetu aliyewahi kutoka Kenya, isipokuwa mama mmoja aliyewahi kwenda Mwanza kuzika.

Kogo Rael aliketi kwenye kochi la peke yake chini ya kalenda. Alikuwa mkubwa wa sauti ya pili na mkubwa wa kila kitu kingine. Tulimwita Kogo, yaani nyanya, hata wale waliokaribiana naye kwa umri, kwa sababu hakuna jina jingine lililomtosha. Aliuliza Padre yuko wapi kwenye huo mstari. Nikamwonyesha Brescia kwa kidole. "Basi huyo anawekwa mwisho," akasema, na shauri likaisha. Hakuna aliyebisha. Tungeimbia hao marafiki wote kwanza, mji kwa mji, kisha tungerudi nyuma kutoka Venezia hadi Brescia kumaliza kwa mwenyewe, na ngoma zetu zote na nguo zetu rasmi. Mimi pia nilipiga makofi. Ilikuwa siku kadhaa baadaye, nikiwa napaka mstari rangi, ndipo nilipoona nilichokichora. Ili kwenda Verona ni lazima upite Brescia. Treni yetu ingesimama kwenye mji wa Padre, milango ingefunguka na kufungwa, nasi tungekaa ndani na mizigo yetu magotini, tuendelee na safari, kwa heshima.

Hata hivyo sikusema. Nilifikiri wakubwa wameona pia na wana sababu zao. Kisha ikaja siku ya Kedowa.

Mwalimu alikuwa ameambiwa kwamba treni za huko hazingoji mtu. Zinasimama kidogo, milango inajifunga yenyewe, na aliyebaki amebaki. Jambo hilo lilimtia hofu kuliko ndege. Akatafuta lori la majani, tukapanda na ngoma zetu na masanduku matupu, tukapita Kericho na kushuka hadi stesheni ya Kedowa, ambapo stesheni masta aliyefahamiana naye alitukubalia tutumie behewa lililoachwa kwenye reli ya pembeni. Tulifanya mazoezi ya kupanda na kushuka asubuhi nzima. Mwalimu alikuwa akipuliza filimbi, sisi tunavamia mlango. Mara ya kwanza Kogo Rael alifika mlangoni, akasimama na kuanza kusalimia waliokuwa ndani mmoja mmoja kwa mkono, kama inavyompasa mtu mzima anayeingia mahali penye watu, huku nyuma yake sisi wengine tumebanana na masanduku kichwani. Mwalimu akasema, "Kogo, mlango umefungwa. Nusu ya kwaya iko nje." Kogo akamjibu kwamba treni isiyojua salamu si treni. Wauza mahindi wa barabarani walikuja kututazama. Tulicheka, lakini Mwalimu hakucheka, na kila tulipochelewa alirudisha kila mtu chini tuanze tena.

Wakati wa mapumziko wenzangu walikaa kwenye ukingo wa jukwaa wakila mahindi ya kuchemsha. Mimi nilikwenda nyuma ya stoo kutafuta maji. Mwalimu alikuwa huko na simu yake, mojawapo ya zile za zamani zenye sauti ya kupasuka, ambayo ukikaa karibu unasikia pande zote mbili. Aliyepiga alikuwa Sista Lucia. Tulimfahamu sote. Alikuwa amefanya kazi kwenye zahanati yetu na Kiswahili chake kilikuwa safi, na sasa alikuwa akimuuguza Padre. Alikuwa akiuliza kwa nini Brescia iko mwisho. Mwalimu akasema ni heshima.

"Heshima yenu naijua, nimeila miaka mingi," Sista akasema. "Lakini daktari hasemi mambo ya heshima. Njooni kwake kwanza. Nakuomba, Mwalimu."

Mwalimu akasema hawezi kuwaambia akina mama jambo kama hilo, watamwuliza yeye ni nani wa kumtabiria Padre wao. Akakata simu, akageuka, akaniona nimesimama na chupa ya maji. Aliniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia. "Basi sasa tuko wawili," akasema, akarudi jukwaani kupuliza filimbi.

Ni lazima nieleze hapa, kwa ajili ya wale waliokulia mahali pengine. Wazee wetu hawakutaja kifo mbele ya mtu aliye hai, wala juu yake. Mgonjwa alikuwa "hana nguvu kidogo". Hata aliyekuwa amefumba macho siku tatu "anapumzika". Kumwambia mtu aharakishe kwenda kumwona mgonjwa ilikuwa sawa na kumchimbia kaburi, na likitokea lililotokea, watu wangekumbuka mdomo uliotangulia kusema. Nikiwa na umri huu siwacheki tena. Nimekaa kando ya vitanda na nimeona jinsi neno moja linavyoweza kumvunja mtu aliyekuwa akijikaza. Lakini wakati ule niliona ukuta tu. Ramani ilikuwa imeniambia, Sista alikuwa amesema, na kila jioni niliyokaa jikoni bila kusema nilihisi kama nashika mlango ili Padre asipite.

Mkutano uliofuata ulikuwa Jumamosi mchana. Kulikuwa na chapati siku hiyo, nakumbuka, kwa sababu habari za viza zilikuwa zimekuja vizuri na mke wa Mwalimu alitaka tufurahi. Watu walikuwa wakizungumza juu ya sweta na kama mursik, maziwa yetu ya kibuyu, inaweza kubebwa kwenye ndege. Mwalimu alisoma mpango wote tangu mwanzo, na alipofika mwisho akasema "na hatimaye Brescia" bila kunitazama. Nikasimama. Nilishika ukingo wa kinanda. Nikasema naomba tuende kwa Padre kwanza, kwa kuwa treni inapita pale pale.

"Kwanza kwa nini?" Kogo Rael akauliza.

Nikasema tena kwamba treni inapita. Akasema hajaniuliza treni inapita wapi. Mama yangu, mwanakwaya pia, aliyekuwa karibu na mlango, alinitolea jicho ambalo nalifahamu tangu utotoni. Ningeweza kukaa chini. Badala yake nikasema, "Sista anasema Padre hataweza kungoja."

Kogo Rael aliweka kikombe chake chini, chai ikiwa bado nusu. "Mtu anapumua," akasema polepole, "na wewe umemzika kwa ramani." Akajifunga leso yake, akatoka. Kwetu kuacha chai ya watu nusu ni maneno makubwa kuliko matusi, na kila mama aliyekuwa mle ndani aliyasikia. Wakatoka mmoja mmoja. Mama yangu alitoka nao. Mwalimu alibaki akiangalia chapati, mimi nikiangalia mgongo wa mlango, na sikumlaumu kwamba hakunitetea. Nilikasirika baadaye, nikiwa njiani.

Zilikuwa wiki mbaya sana. Jioni za mazoezi tulikuja watu wachache, wanaume wa sauti ya nne na wasichana wawili, na Mwalimu akapiga kinanda mbele ya mabenchi matupu kana kwamba hajagundua. Nilipopeleka majani kwenye kituo cha kununulia, mazungumzo yalikatika nikikaribia na kuanza tena nikishapita. Nyumbani mama alinipakulia chakula bila neno, na hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa, kwa sababu mama yangu alikuwa mtu wa maneno mengi. Kisha Kogo Rael akatuma ujumbe kwa Mwalimu: msichana huyo akienda, yeye haendi. Na asipoenda yeye, akina mama hawaendi, na bila akina mama hakuna kwaya ya kupeleka popote. Mwalimu alinieleza hayo tukiwa tumesimama chini ya paa la kanisa mvua ikinyesha, mvua ya kwanza nzito ya mwaka. Alisema kwa upole. Mwalimu alikuwa mtu mpole, na nyakati nyingine upole wake ulinichosha.

"Toa jina langu," nikamwambia. "Lakini muende kwake kwanza."

Akasema hawezi kuniahidi hilo. Ataweza tu kuomba. Nikamwambia basi aombe kwa sauti, maana kimya tumekijaribu. Watu waliosikia habari hii baadaye walinisifu kwamba nilijitoa kwa ajili ya Padre. Sikuwa nimejitoa kwa wema wowote. Nilikuwa nimekasirika kiasi cha kutaka kila mtu akose kitu, na mimi wa kwanza.

Mvua ilipokolea majani yakaanza kufurika. Nyakati kama hizo huwezi kuruka zamu ya kuchuma hata moyo wako uwe wapi, jani likikomaa limeharibika. Asubuhi moja nilikuwa shambani peke yangu, nimejifunga karatasi ya nailoni kiunoni, ukungu bado umelala kwenye bonde. Nikasikia mtu akiingia kwenye mstari wa pili. Alikuwa Kogo Rael, na kikapu chake mgongoni. Hakunisalimia. Alianza kuchuma, mikono miwili ikienda haraka kama kawaida yake, macho kwenye majani. Nanyi mliokulia kwenye chai mnajua: mtu akija kukusaidia kuchuma bila kuitwa, ana neno, na ataliweka kati ya vichaka bila kukutazama usoni. Tukaenda hivyo hadi karibu mwisho wa mstari. Nilichuma hata majani mazee nikayatia kikapuni.

"Hiyo treni ya kwenda Verona," akasema hatimaye. "Inapita tu hapo Brescia, ama inasimama?"

"Inasimama, Kogo. Kidogo."

Akachuma. "Na hiyo nyumba ya Padre iko mbali na stesheni?"

Nikasema Sista alimwambia Mwalimu kwamba ni mwendo wa miguu, mtu anaweza kwenda na kurudi akapanda treni ya nyuma yake. Aligeuza mstari, akaanza mwingine, nami nikageuza pamoja naye.

"Mtu akipita kwa boma ya mtu mkubwa, aone mlango uko wazi, na asiingie kusalimia. Huyo ni mtu wa aina gani?"

"Hana adabu, Kogo."

"Basi." Alitupa kiganja cha majani kikapuni. "Hatuendi kumtembelea. Kumtembelea ni mwisho, vile tulisema. Tunapita. Ngoma inabaki stesheni, na nguo rasmi inabaki kwa sanduku. Hakuna kuimba. Na wewe utakunywa chai na utanyamaza."

Nikasema nitanyamaza. Nilitaka kuvuka vichaka nimkumbatie, lakini hilo lingeharibu kila kitu. Alinisaidia hadi kikapu changu kikajaa, kisha akaenda zake na cha kwake. Jioni ile akina mama wote walikuwa kwenye mabenchi ya kanisa kama vile hawajawahi kukosa, na mama yangu aliniuliza kwa sauti yake ya kila siku kama nimenunua soksi nzito. Nimefikiria sana alichokifanya Kogo Rael kati ya vichaka vile. Wiki zile zote nilidhani amekasirika tu. Kumbe alikuwa akitafuta mlango, na hakutaka kutumia wa kwangu.

Juu ya safari yenyewe ningeweza kusema mengi, na nimeyasema kwenye harusi na vikao hadi watoto wangu wananikimbia. Hapa nitasema tu kwamba Torino kulikuwa na baridi na watu wema, na kwamba sikuona mji. Nilikuwa nikitazama simu ya Mwalimu. Sista alipiga tukiwa bado huko, kisha tena tulipofika Milano, na safari hii Mwalimu aliongea akiwa ametugeuzia mgongo. Kwenye stesheni ya Milano ubao ulionyesha kwamba treni yetu imechelewa. Tulisimama na ngoma zetu katikati ya umati, chini ya paa kubwa kupita kanisa lolote nililowahi kuliona, ubao ukibadilika kila mara na kila mara ukituongezea muda. Ilipokuja, Kogo Rael alikuwa wa kwanza ndani. Hakumsalimia mtu.

Brescia tuliacha wanaume wawili stesheni na mizigo. Tukatembea kwenye manyunyu, akina mama wamejifunika kanga juu ya makoti. Nyumba ya mapadre ilinuka mboga za kuchemshwa na dawa ya sakafu. Sista Lucia alitufungulia, akatazama nyuma yetu akitafuta ngoma, akatuona tulivyovaa, akaelewa kwamba asiulize. Padre alikuwa ameketi kwenye ukumbi pamoja na wazee wenzake, kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Ile mikono ya seremala ilikuwa imebaki mifupa. Nilijua mara moja, na nadhani sote tulijua.

Kogo Rael alimwendea mbele ya watu wote. "Chamgei, Padre Kiprop," akamsalimia. Kisha akasema, wima, kwa sauti ya mikutano: "Hatujakuja. Tunapita tu kwenda Verona. Kuja tutakuja mwisho, vile inafaa."

Padre alimtazama. Akamtazama Mwalimu, kisha mimi, na niliinamisha kichwa. Alikuwa amekaa kwenye shughuli zetu nyingi mno, akingoja zamu yake ya mwisho huku jua likimchoma shingo. Hakuhitaji kuelezwa.

"Sawa, Mama Rael," akasema kwa Kiswahili chake cha pole pole. "Hii ya leo siihesabu."

Tukanywa chai. Sista alikuwa ameipika kama ya kwetu, maziwa na majani pamoja. Padre aliuliza kama mvua imefika, ng'ombe wa nani wamezaa, na kama lile daraja la mbao bado linawashinda. Akina mama walimjibu mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu, na walimchekesha hadi akakohoa. Hakuna aliyemuuliza hali yake. Nilipompa mkono aliushika kwa muda, nami sikusema chochote, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi. Nilimuaga kwa mkono huo. Kisha Kogo Rael akasimama na kusema treni haingoji, tukatoka.

Habari ilitukuta Padova. Tuliimba jioni hiyo kwa sababu tulikuwa tumealikwa, tukaimba na Venezia, na sikumbuki wimbo hata mmoja. Kisha tukarudi nyuma kwenye reli hiyo hiyo hadi Brescia, mwisho, kama tulivyopanga, na ngoma zote na nguo rasmi. Tulimwimbia Padre alipokuwa amelala mbele ya altare, na tulipomaliza tukamwimbia tena.

Baadaye, kwenye ule ukumbi wa chai, Sista Lucia alikuja kuketi nasi. Alisema kwamba siku zile za mwisho wazee wenzake wa nyumba hiyo walikuwa wakimwuliza Padre kila asubuhi kama ile kwaya yake ya Kenya imeshafika. Walikuwa wametuona kwa macho yao, tukinywa chai pale pale. Naye kila asubuhi aliwajibu kwamba bado, hao mliowaona walikuwa wapita njia tu, wangu watakuja mwisho.

Kogo Rael alinigusa goti, akaniomba mimi nimrudilie maneno hayo kwa Kikipsigis. Sista alikuwa amesema kwa Kiswahili rahisi, na Kogo alikuwa amesikia kila neno. Nikamrudilia.